Karata Bila Mdomo

Mnaotusikiliza mnajua utaratibu wetu: yasiyoingia kwenye kipindi tunayaleta huku kwa maandishi. Hili halikuingia kwa sababu moja tu. Nilipoanza kulisimulia, mwenzangu wa kwenye maikrofoni alicheka mpaka tukazima mashine. "Yani umeshinda gemu ya simu, ndo unataka dakika arobaini?"

Ndiyo. Nazitaka. Na kwa vile huku hakuna wa kunizimia, kaeni niwaeleze.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa wasioujua. Unaitwa Magic: The Gathering, aliubuni Mmarekani Richard Garfield, ukatoka mwaka 1993. Ulikuwa wa kadi za mkononi, na bado upo hivyo. Tofauti yake na karata za kawaida ni kwamba hapa hakuna pakiti moja ya kugawana. Kila mtu anakuja na pakiti yake, kadi 60 au zaidi, alizozichagua mwenyewe. Mwaka 2019 ikatoka rasmi ile ya kompyuta, MTG Arena, na mwaka 2021 ikaingia kwenye simu. Mimi naicheza kwenye tableti, kwa sababu kwenye simu maandishi ni madogo mno.

Sheria kwa ufupi: kila mmoja anaanza na uhai 20, na wa kwanza kufika sifuri kesha. Kila zamu unaruhusiwa kuweka kadi moja ya ardhi. Ardhi ndo mfuko wako. Ukiwa na ardhi 3 unaweza kutumia vitu vya thamani ya 3, ukiwa nazo 7 unaleta vitu vya 7. Ukishazitumia, mfuko mtupu mpaka zamu yako irudi. Hilo la mfuko mtupu likumbukeni.

Kadi za nguvu unazichuma pole pole au unazinunua kwa pesa. Mimi sijatia hata peni. Deki yangu ni nyekundu, ya kimasikini: vijeshi vidogo vinavyokimbia, na kadi za radi za kumpiga mtu moja kwa moja. Ni deki ya mtu anayetaka kumaliza mapema akalale, manake mechi ikirefuka anaanza kuumia.

Sasa Baba.

Baba alikuja Birmingham kutoka Unguja mwaka 1996, mimi nikazaliwa huku miaka miwili baadaye. Ameendesha mabasi ya jiji hili miaka mingi, pamoja na ile namba 11 iliyokuwa inazunguka pembezoni mwa jiji, ambayo ukiikalia safari nzima uliweza kupata usingizi, ndoto na njaa kabla hujarudi ulipopandia. Kila Jumapili usiku nyumbani kwetu Sparkbrook walikuwa wanakuja wazee watatu, na pamoja na Baba wanatimia wanne. Mmoja fundi cherehani, mmoja dereva mwenzake Baba, mmoja alikuwa na duka la simu Stratford Road. Meza inavutwa katikati, Mama anaweka birika la chai na visheti, na inaanza wahedi wa sitini.

Kama wewe ni wa huku umezaliwa kama mimi, pengine hujawahi kusikia. Huo ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenzako anakaa mkabala na wewe. Jinsi Baba anavyoucheza, unatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40. Ree ina pointi 11. Seti, yani saba, ina 10. Mzungu wa nne ana 4, mzungu wa tatu ana 3, mzungu wa pili ana 2. Ukijumlisha zote unapata 120. Kwa hiyo ukifika 61 umeshinda, na ndo jina lenyewe hilo: sitini na moja.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hao wazungu ni Waingereza. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi nawasikia wanapiga kelele, "Mkate mzungu wake! Mkate!" na siku ya pili naenda skuli nawaangalia walimu wangu kwa huruma.

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba maneno ya karata zetu yana umri mkubwa. Kopa, uru, shupaza na pau, zote zimetoka kwa Wareno, ambao pwani yetu walikaa mpaka walipotolewa Fort Jesus mwaka 1698. Turufu ni neno lao. Seti ni saba yao. Hata karata yenyewe ni neno lao. Na katika michezo ya Ureno bado upo wa pointi 120 ambao saba inapiga mfalme, na mshindi ni wa 61. Watu walifukuzwa, mchezo ukabaki kwenye mabaraza, ukaongezewa matusi ya Kiswahili, ukapanda ndege ukaja Sparkbrook.

Mimi kazi yangu Jumapili ilikuwa chai. Kupeleka vikombe, kutoa vikombe. Sikuitwa mezani, na kaka yangu aliitwa lakini hakutaka, alikuwa na mpira wake. Hakuna aliyenifukuza. Ni vile tu viti vilikuwa vinne na watu wanne, na mtoto wa kike alikuwa na birika mkononi. Lakini masikio yalikuwa yangu mwenyewe. Nilijua nani ana hasira akikosa turufu, nani anakohoa akipata ree.

Mwaka 2020 tukawapoteza wawili, fundi na yule wa duka la simu. Tofauti ya wiki tatu. Mnakumbuka ilivyokuwa: mazishi ya watu wachache, wengine tunaangalia kwenye simu. Wa tatu akarejea Unguja mwaka 2022, akasema baridi imemtosha. Na Baba mwenyewe mikono ikaanza kumkataa. Daktari akasema ni baridi yabisi. Vidole vinavimba, asubuhi havikunji. Karata kumi mkononi, uzipange kama feni, uchomoe moja bila kuonyesha nyingine, hiyo hawezi tena. Pakiti ikaingia kwenye droo ya jikoni pamoja na betri na bili za zamani.

Hakulalamika. Wale wazee hawalalamiki, si unajua. Aliacha tu kusema. Jumapili usiku alikuwa anakaa mbele ya televisheni sauti ikiwa chini, na ukimuuliza, "Baba, unaangalia nini?" anakwambia, "Naangalia tu."

Basi tunafika kwenye Ramadhani ya 2024, usiku wa tarehe 30 Machi kuamkia 31. Nakumbuka tarehe kwa sababu usiku huo saa zilisogezwa mbele, tukaibiwa saa nzima ya kulala kabla ya daku. Sote tumesharudi tarawehe. Mama kapanda kulala. Mimi niko sebuleni na tableti, kwa sababu msimu wa ule mchezo unaisha mwisho wa mwezi na nilikuwa nimebakisha ushindi mmoja tu kutoka Gold kuingia Platinum. Sikuwahi kufika huko. Kwa deki yangu ile, waliofika wanajua, ni kama kupanda mlima na kandambili.

Mpinzani akaja. Mwanzo ulikuwa mzuri. Vijeshi vyangu vikakimbia, nikampiga, nikampiga, akabaki na uhai 5. Halafu akafika ardhi ya tano akaweka Sunfall. Kama huijui, ni kadi inayofuta kila kiumbe mezani. Vijeshi vyangu vitatu vyote vikaondoka, na yeye akapata mashine ya chuma ya kunipigia. Nikaweka kijeshi kingine, akakiua. Mashine ikaanza kunila tatu tatu. Mimi nimekwama na ardhi 3, yeye anayo 6.

"Hiyo nini?"

Baba yuko nyuma ya kochi, na kikombe cha chai. Sijui alisimama hapo tangu saa ngapi.

"Gemu, Baba. Ya kadi."

"Kadi ni ya benki. Hizo karata." Akazunguka, akakaa. "Turufu iko wapi?"

Nikamwambia hapa hakuna turufu. Akaniangalia kama nimemwambia hakuna chumvi.

Nikamweleza nilivyowaeleza nyinyi hapo juu, kwa haraka, huku kamba ya muda inaungua pembeni. Mkononi nilikuwa na kadi mbili, ndo nikavuta ya tatu. Moja ilikuwa Shock, radi ndogo, inagharimu 1 na inapiga 2. Moja kijeshi cha bei ya 1. Na niliyoivuta ilikuwa Lightning Strike, radi kubwa, inagharimu 2 na inapiga 3.

Mbili na tatu ni tano. Yeye ana uhai 5. Mimi nina ardhi 3. Kidole changu kilikuwa njiani.

"Ngoja," Baba akasema. "Yeye kwenye zamu yake kafanya nini?"

"Kaua kijeshi changu, basi."

"Na hiyo ardhi aliyobakisha?"

Alikuwa ameacha ardhi 3 hajazitumia. Ana kadi mkononi, ana ardhi, na hakufanya kitu. Baba akacheka. Wallahi, nilikuwa nimesahau kicheko kile.

"Huyo anakungoja wewe. Ile ndo turufu yake. Ukitupa hii, anaikata."

Na ni kweli, zipo kadi za namna hiyo: unatupa radi yako, mwenzako analipa ardhi 2 anaizima hewani. Hilo nilikuwa nalijua. Lakini Baba alikuwa hajauona huo mchezo hata robo saa, na hakujua kusoma kadi hata moja. Alichokisoma ni mtu. Mtu mwenye mali mkononi aliyekaa kimya.

"Mpe kitu kidogo," akasema. "Mtoe turufu."

Kwenye wahedi wa sitini hiyo ni kazi ya kila siku. Ukijua mtu kashika turufu na anaitafutia pa kuitia, unamrushia karata inayong'aa lakini isiyokuuma. Anakata, anafurahi, anaokota pointi zake chache. Ree yako imelala salama.

Nikatoa kijeshi changu cha shilingi. Nukta ikapita. Mwenzetu akakizima! Kadi nzima ya kuzima, kwa kijeshi kile. Baba akapiga goti kwa kiganja, halafu akakikunja uso kwa maumivu, halafu akacheka tena.

"Sasa nipige?"

"Una ngapi?"

"Ardhi 2 zimebaki. Radi kubwa tu. Itamwacha na uhai 2."

"Basi funga mkono. Mtu hapigwi nusu."

Nikampa zamu. Ile mashine ikanipiga, nikabaki na uhai 6. Akaweka ardhi ya saba. Halafu skrini nzima ikatikisika, kwa sababu kadi za bei zina mbwembwe zake, na akashuka Atraxa, Grand Unifier. Malaika wa chuma, thamani 7, nguvu 7. Anaruka. Kila anachokupiga kinarudi kwa mwenyewe kama uhai. Na akishuka tu, mwenye naye anafunua kadi 10 za juu za deki yake anajichukulia kadhaa. Mkono wa yule mtu ukajaa pomoni. Zamu inayofuata malaika angenipiga 7, na mimi nina 6.

Kisha akanitumia ujumbe: "Good Game."

Kwa wasiojua adabu za huko, hiyo inasemwa mwisho. Ukiisema katikati maana yake ni kwamba umeshamzika mwenzio unasubiri fatiha.

"Kasema nini?" Baba akauliza.

"Kasema kwaheri."

Baba akasogeza miwani. Hakumtazama malaika hata kidogo. Alikuwa anatazama chini, kwenye zile ardhi za yule mtu. Zote saba zimelala. Akazihesabu kwa kidole chake kilichopinda, moja moja, juu ya kioo bila kukigusa.

"Hana kitu," akasema.

"Ana kadi saba mkononi, Baba!"

"Anazo. Hana cha kulipia. Mtu akishaweka ree mezani anajisahau mfuko."

Zamu ikarudi kwangu. Ardhi zangu 3 zikasimama. Radi kubwa, uhai 5 ukawa 2. Radi ndogo, uhai 2 ukawa sifuri. Malaika kasimama pale na mabawa yake hajapiga hata pigo moja, na nyumba yake inaanguka nyuma yake.

Platinum.

Nilipiga ukelele ambao nina hakika majirani waliusikia. Baba yeye alikuwa na haraka nyingine.

"Mwambie! Mwambie kitu!"

"Hakuna pa kumwambia, Baba."

"Vipi hakuna?"

Nikamwonyesha. Kwenye Arena huwezi kumwandikia mpinzani neno lako. Una vijisentensi vilivyokwisha kuandikwa: Hello, Nice, Oops, Thinking, Your Go, Good Game. Basi. Na mechi ikishaisha, mtu keshaondoka. Hujui jina lake la kweli wala hujui kama amekasirika.

Baba alikaa kimya kidogo. Nilidhani kachoka. Kumbe amechukizwa.

"Karata bila mdomo," akasema. "Sasa raha yake iko wapi?"

Hapo ndo akaanza kusema. Akanieleza kwamba nusu ya karata ni mdomo. Kwamba barazani Ng'ambo, alipokuwa kijana, kulikuwa na mzee asiyejua kuhesabu vizuri lakini akishinda kwa maneno, anakutia wasiwasi mpaka unatoa seti yako mwenyewe. Kwamba ukifungwa huondoki hivi hivi, unasindikizwa na utani mpaka kwenu, na kesho yake muuza kahawa anakuuliza umeamkaje na bado anacheka. Akawaiga wale wazee watatu wa Jumapili, kila mmoja na sauti yake. Alivyomwiga fundi cherehani anavyokohoa akiwa na ree, nikamalizia mimi: "…na anajifanya chai imempalia!" Baba akageuka.

"Wewe ulijuaje?"

"Si mimi niliyekuwa nikileta chai."

Akaniangalia kwa muda. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kazi kabisa: "Na yule wa duka la simu?"

"Akikosa turufu anauliza saa."

"Na mimi?"

Nikamwambia. Siandiki hapa, kwa sababu tunaitumia mpaka leo.

Mama alishuka kupasha daku akatukuta tumekaa vile vile, tableti imezima, na Baba amemwaga pakiti ya droo ya jikoni juu ya zulia. Akatazama saa ya ukutani, ambayo hakuna aliyeisogeza, akatazama ya simu. "Nyinyi wawili! Mwezi wa Ramadhani, karata?"

"Namfundisha hesabu," Baba akasema.

Vidole havikupona, nisiwadanganye. Siku za baridi hata kifungo cha shati ni shughuli. Lakini mwisho wa Mei huwa kuna UK Games Expo pale NEC, maonyesho ya michezo ya mezani yaliyoanzia hapa hapa Birmingham mwaka 2007, nikampeleka. Alitembea kwenye yale mabanda mikono nyuma kama mkaguzi. Watu wazima wamevaa majoho, vijana wamejaza meza, kadi kila mahali. Akasimama kwenye banda moja dogo, akaita. Walikuwa wanauza vibao vya mti vilivyopindwa kidogo, vyenye mfereji juu. Unasimamisha karata zako ndani ya mfereji, mikono inabaki huru. Tulinunua vinne.

"Viwili si vinatosha?" nikamuuliza.

"Wahedi wa sitini watu wawili?" akasema, na akalipa mwenyewe.

Kwa hiyo Jumapili usiku meza imerudi katikati. Kaka yangu anakuja mara moja moja, anacheza vibaya na anajua. Mama amekubali kukaa kiti cha nne kwa sharti kwamba chai ianze kutengenezwa na wengine. Lakini Mama ana ndugu zake wa kupigia simu na kaka ana mpira, na mara nyingi tunabaki mimi na Baba, mkabala, na vibao viwili mbele ya viti vitupu.

Sasa nyinyi mnaotusikiliza Birmingham, Coventry, Leicester, hata Milton Keynes. Lazima wako kina baba na kina bibi wanaoujua huu mchezo, na wako watoto wao waliokuwa wakileta chai. Tuandikieni. Vibao vipo, visheti vipo, usafiri wa kurudi tutaangalia. Hatutafuti mabingwa. Tunatafuta watu wawili, na wawe na mdomo.